Vidonge Ndani ya Ndoo ya Garland

Machi 8

Twila, mwanamke wa miaka arobaini na saba haendi kwa daktari na mfuko wa plastiki mapajani kama mtoto anayepanda gari mara ya kwanza. Nimekuambia leo mbele ya Hobert na nakuandikia tena hapa, maana unayosikia kwa sikio moja yanatokea jingine. Kuna kona kumi na tisa kutoka bondeni kwetu hadi mjini. Umetapika kwenye ya saba, ya kumi na moja na ya mwisho, ndani ya gari la jirani. Hobert kasema, "Si kitu, Shangazi Orpha, gari lenyewe jana lilibeba mbolea." Hiyo ndiyo faraja? Kwamba mke wa mwanangu kapimwa na samadi, wakalingana?

Daktari kasema ni ngiri. Utumbo unachungulia kitovuni kwa sababu ya kuinua masufuria ya jikoni shuleni. Watamkata Twila tarehe 28.

Naandika kwenye kitabu hiki cha duka la mbegu kwa sababu nimeona jambo moja. Mtu akifa, wanaobaki hubadilisha maneno. Mwanangu Garland alitoka mgodini na mgongo uliovunjika, akapewa vidonge, na vidonge vikamuua. Mwaka wa nane huu. Aliyekuwa akivileta kutoka duka la dawa kila mwezi, kwenye mfuko wa karatasi, ni Twila. Hayo ndiyo maneno yangu na hayajabadilika. Niliishia darasa la sita lakini kalamu naijua.

Machi 12

Theluji juu ya maua ya manjano. Twila kaenda kazini ameshika tumbo.

Machi 17

Wamepiga simu kutoka hospitali. Simu ya nyumba hii iko ukutani jikoni kwangu, za mkononi hazishiki huku. Twila alikuwa shuleni.

"Naongea na nani?"

"Na mama mkwe wake. Sema."

"Nina maswali machache kuhusu Twila, ya maandalizi. Anavuta sigara?"

"Nyumbani kwangu havuti mtu."

"Akisafiri kwa gari huchafukwa na tumbo?"

Nikauona mfuko wa plastiki akilini. Nikasema, "Hapana."

"Amewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Kibole. Zamani."

"Baada ya hapo alitapika?"

Alitapika siku mbili, kwenye beseni langu la kukandia unga, mpaka nikalitupa beseni. Nikasema, "Hata tone."

"Vizuri sana. Basi hatahitaji kiraka."

Sikuuliza kiraka gani. Sauti yenyewe ilikuwa laini, ya mtu wa mjini. Watu hao hututazama viatu kwanza, ndipo watutazame uso. Nimpe na habari za matumbo yetu apeleke kwenye chai? Kwetu hapa mtu hatangazi kinachomtoka. Baba yangu alikohoa vumbi la makaa miaka kumi na moja, na kila akiulizwa hali alisema nzuri.

Twila aliporudi nikamwambia wamepiga, yote sawa.

Machi 20

Vitunguu mwitu vimetoka mlimani. Nimechimba kapu zima. Hewa inanuka majira.

Machi 28

Wamemkata asubuhi. Mimi na Hobert tulikaa kwenye viti vya plastiki. Saa sita wakaniita chumba cha kuamkia, na kabla sijafika kitandani nikasikia. Twila alikuwa bado hajafumbua macho, naye anatapika. Mwili wote unaruka kitandani kama samaki, na kidonda kibichi tumboni.

Nesi mmoja alikuwa amemgeuza ubavu, mkono mmoja unashika bakuli, mwingine unachoma dawa kwenye dripu. Nikamtazama pua. "Wewe si binti wa Ruthanne wa kijito cha pili?"

"Ndiye mimi. Delphia." Hakuinua kichwa. "Karatasi inasema huyu hatapiki. Nani alijibu simu?"

"Karatasi ni yenu."

"Bibi, sikiliza. Wanawake wasiovuta sigara, wanaochafukwa garini, waliowahi kutapika baada ya kukatwa, na wanaopewa dawa kali ya maumivu. Hao ndio hutapika kuliko wote. Tungejua ni mmoja wao, tungempa kinga kabla hajaamka. Kutapika kukishaanza, tunabaki kukimbizana nako."

"Kumbe dawa ni kumfundisha sigara," nikamwambia.

Hakucheka. Mama yake naye hakuwa mcheshi.

Dawa ikamtuliza Twila ilipofika alasiri. Wakatupa chupa mbili twende nazo nyumbani. Moja ya maumivu, nyingine vidonge vidogo vyeupe vya kichefuchefu. Delphia akaniambia polepole, kama kwa mtu asiyesikia vizuri. "Cheupe kwanza. Nusu saa ipite. Kisha cha maumivu, na biskuti kavu, si kwa tumbo tupu. Akitapika zaidi ya mara mbili kwa siku, mnapiga simu. Msingoje."

Njiani alishika mto tumboni. Kona zote kumi na tisa alifumba macho na kung'ata meno. Hakutapika. Naona ameanza kujiheshimu.

Machi 29

Chupa zote mbili nimezifungia kwenye ndoo ya chakula ya Garland. Ni ile ya bati aliyoshuka nayo mgodini, aliyoitoboa mwenyewe na kuitia kufuli ili wenzake wasimwibie mkate wa tufaha. Ufunguo uko shingoni mwangu. Bonde hili limezika watu wengi kuliko mgodi ulivyowahi kuzika, na wote walianza na chupa yenye jina lao.

Cha maumivu nitampa, nusu nusu. Kile cheupe, hapana. Dawa ya kuzuia dawa? Ndivyo Garland alivyoanza. Cha mgongo, kisha cha usingizi, kisha cha kuamsha. Kidonge huzaa kidonge.

Nimempikia vitunguu mwitu kwa viazi na mafuta ya nguruwe. Kila mgonjwa wa ukoo wetu ameinuliwa na chakula hicho, husafisha damu iliyolala majira ya baridi. Twila akageuza uso ukutani. "Mama, harufu."

"Harufu ya nini? Ya uzima?"

Kala vijiko vitatu kwa kunihofu. Vyote vimerudi.

Machi 30

Katapika mara nne.

Asubuhi nilimpa nusu kidonge cha maumivu nikasimama mpaka akameza. Haikupita robo saa kikarudi ndani ya beseni, kizima, kimekaa kwenye maji kama jino. Yeye akakitazama. Nami nikamtazama anavyokitazama.

"Kiokote," nikamwambia, "nijue jina la kukuita."

"Mama, naumwa. Sikitaki kwa sababu hiyo unayoifikiria. Naumwa."

"Hata Garland aliumwa."

"Basi nipe kile cheupe. Kile hakileweshi mtu. Ni cha kuzuia kutapika tu."

"Anza kwa kuzuia mdomo."

Mikono yake imeshika mto tumboni na vidole vimekuwa vyeupe. Nilimwaga beseni nje kwenye theluji iliyobaki. Kidonge nacho.

Hobert alipita na kuni. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Shangazi, si walisema zaidi ya mara mbili tupige simu?"

"Wewe ng'ombe wako akitapika unampigia nani?"

"Ng'ombe wangu hana mshono."

Nimemfungia mlango.

Machi 31

Mvua. Mara tano. Sikupiga simu.

Aprili 1

Naandika haya hospitalini, kwenye karatasi waliyonipa. Nitayabandika kitabuni nikirudi, na sitabadilisha.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nasafisha vitunguu kwa ajili ya karamu ya kanisa. Kila mwaka ni mimi na kisu changu, mashina mia tano. Nikamsikia anatapika tena, mkavu, hakuna cha kutoka. Sikuinuka. Nikamsikia akisema, "Loh," sauti ndogo, kama mtu aliyeangusha sindano. Kisha akaniita. Hakupiga kelele.

"Mama. Kidonda kimeachia."

Nikaenda na kisu bado mkononi. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa maji ya rangi ya waridi kuanzia kifuani mpaka magotini, na viganja vyote viwili viko chini ya gauni vimebeba kitu. Sitaandika ni nini. Nimechinja nguruwe maisha yangu yote, najua ndani ya tumbo kunavyofanana.

"Usiachie," nikamwambia.

"Siachii."

Gari la wagonjwa huchukua saa nzima kupanda huku. Nikampigia Hobert, naye alifika kabla sijaweka simu ukutani. Taulo safi, maji ya uvuguvugu, taulo juu ya taulo. Tukamlaza nyuma ya gari juu ya godoro, mimi nimepiga magoti kando yake, mikono yangu juu ya mikono yake. Daraja la chini lilikuwa limefunikwa na maji, ikabidi tuzunguke mlima. Kona kumi na tisa zikawa thelathini na kitu.

Kwenye kila kona tumbo lake lilijaribu kupanda. Nililisikia chini ya viganja vyangu, likisukuma kutoka ndani kama paka ndani ya gunia.

"Hobert, polepole!" nikapiga kelele.

"Nikienda polepole atakufa, Shangazi!"

"Nenda haraka basi!"

"Nikienda haraka atatapika!"

Twila akacheka. Nawaambia ukweli, alicheka, midomo imekauka kama karatasi. "Mama," akasema, "ungenipa tu kile cheupe."

Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni, unamgonga shavuni kila nikiinama.

Delphia alitupokea mlangoni. Wakamsukuma ndani kwa machela. Mimi nilikuja na ndoo, sijui kwa nini niliibeba, na Delphia akasema, "Dawa zake ziko wapi?" Nikafungua kufuli mbele yake. Akainua chupa ya maumivu, akaitikisa. Akainua chupa ya vile vyeupe. Ilikuwa bado na karatasi ya duka juu ya kifuniko, haijapasuliwa.

"Hajapewa hata kimoja?"

"Nilifikiri—"

"Hukufikiri, Bibi. Uliogopa, ukaita woga wako akili." Mtoto wa Ruthanne, mbele ya watu. "Sasa wanamrudisha kukatwa. Wataanza na nusukaputi ileile, na dawa kali kuliko ya kwanza. Nina dakika mbili. Kwenye kibole, alitapika au hakutapika?"

"Alitapika."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Na garini hutapika. Siku zote. Na nyumbani tangu tarehe 29, mara nimesahau hesabu, na mimi ndiye niliyejibu simu."

Akaandika yote. Hakuniambia asante. Niliona kupitia mlango ulio wazi: kiraka kidogo cha mviringo chenye dawa ya kuzuia kutapika, kama kifungo cha shati, wakakibandika nyuma ya sikio lake. Mengine Delphia alinieleza baadaye: dawa moja kwenye dripu kabla, nyingine akikaribia kuamka, na sindano ya ganzi ubavuni ili asihitaji dawa kali nyingi. Ndiyo hayo tu. Yote yangefanyika tarehe 28 kwa neno moja langu.

Saa tisa alasiri aliamka. Nilikuwa nimeshika bakuli tayari. Akafumbua macho, akaomba maji ya kulowesha midomo. Bakuli lilibaki kavu.

Ningelipenda atapike. Mungu anisamehe, niliketi pale nikitamani atapike hata mara moja, ili niseme mnaona, hata mkizuia hutapika.

Aprili 3

Kala biskuti mbili kavu. Nikamwambia, "Kula ya tatu, umekonda kama ufagio."

Akaitafuna mpaka ikaisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku aliyokufa Garland ilikuwa Jumapili."

"Najua ilikuwa siku gani."

"Nilitoka zamu ya mchana kwenye hoteli. Nikipanda njia nikaona taulo kwenye kamba yako ya nguo. Taulo moja, imefuliwa, inadondosha maji." Akapangusa makombo kifuani. "Miaka thelathini nimekaa bondeni. Hakuna mwanamke wa kwenu anayefua Jumapili. Ulimwambia mchungaji ulimkuta ameshapoa, hukugusa kitu."

Mashine ya dripu ilikuwa inalia tiki, tiki.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Nilidhani utasema mwenyewe. Nilingoja mwaka wa kwanza. Kisha ukaanza kuwaambia watu ni mimi, nikaona, kama inakusaidia kusimama, basi simama. Sikujua utasimama juu ya tumbo langu."

Basi niandike. Nilirudi kutoka kanisani mchana. Garland alikuwa kitandani, ametapika, anakoroma kwa sauti ya maji. Wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja nyuma yangu na vyungu vya chakula, niliwaona wakipanda njia. Nikampangusa mdomo kwa taulo. Nikamlaza chali, nikamnyoosha vizuri kama mtoto mchanga, nikamvuta shuka mpaka kidevuni. Nikafunga mlango wasisikie. Nikawapa chai nje barazani. Nilipofungua mlango ule mdomo wake umejaa matapishi, na ameshapoa. Nilifua taulo kabla sijapiga simu.

Vidonge vilimlaza. Mimi nilimlaza chali.

Aprili 11

Karamu ya vitunguu imepita. Sikwenda. Mashina mia tano yameoza kwenye karai.

Aprili 19

Twila yuko nyumbani. Ndoo ya Garland iko kando ya kitanda chake, wazi, bila kufuli. Anajihesabia dawa mwenyewe. Cheupe, nusu saa kwa saa ya ukutani, kisha kingine, kila siku kidogo kuliko jana. Hatapiki. Wala simwoni analewa. Anapika uji wake, anakula upande wake wa meza.

Haniiti Mama tena, ananiita kwa jina la ukoo. Leo kasema, "Bi Hatcher, chumvi." Nikampa chumvi.

Kidonda kimeingia usaha. Wavu walioushonea ndani kuzuia utumbo umeharibika. Tarehe 6 Mei watamfungua mara ya tatu.

Nilimwambia, "Nitakuuguza." Akasema, "Ulishaniuguza." Dada yake Corda anatoka Ohio.

Aprili 27

Simu ya hospitali. Nilikuwa karibu nayo lakini sikuigusa, nikamwita. Twila akaja taratibu ameshika ukuta, akainua, akasikiliza, kisha akaninyooshea mimi. Hobert alikuwa mezani na kahawa yake.

"Ni maswali," akasema. "Jibu wewe."

"Twila, Hobert yupo."

"Ndiyo. Yupo."

Nikashika simu. Sauti ileile laini. Anachafukwa garini? Ndiyo, sana. Alitapika baada ya upasuaji? Ndiyo, mara mbili katika maisha yake, na mara ya pili nilimnyima dawa mpaka akapasuka. Nikasikia kalamu upande wa pili. Kisha:

"Katika nyumba hiyo, kuna mtu aliyewahi kupata madhara kwa dawa za maumivu?"

Twila alikuwa amesimama mbele yangu. Hakukunja uso, hakulainisha uso. Angeweza kuchukua simu. Hakuchukua.

"Mwanangu," nikasema. "Alitapika akiwa chali. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemlaza hivyo, na nikafunga mlango kwa sababu ya wageni."

Hobert aliweka kikombe chini. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kwa miaka minane aliamini Twila ndiye aliyemuua Garland, kwa maneno yangu. Akachukua kofia yake, akasema, "Dada Twila, nisamehe," akatoka. Mimi hakuniaga.

Twila kasema, "Sasa imetosha," akarudi kitandani. Nilidhani ana maana amenisamehe. Nilimfuata kumwuliza. Akafunga mlango.

Mei 5

Corda kafika. Mdomo wake mkubwa na anavuta sigara barazani. Kesho saa kumi na moja alfajiri Hobert anawapeleka. Kwangu hakuna nafasi garini, kasema Twila, na nafasi ninaiona kabisa.

Basi wewe Corda, soma hapa na uache kunikodolea macho. Mkifika, kiraka wakibandike nyuma ya sikio kabla hajakatwa, usikubali wakwambie watakibandika baadaye. Ukikigusa, nawa mikono kabla hujajipangusa macho. Kwenye kona mwache ashike mfuko wake wa plastiki na usimtanie. Mkirudi, usipike kitu chochote chenye harufu, na sigara zako zipeleke ng'ambo ya kijito. Cheupe kwanza, nusu saa, kisha cha maumivu na biskuti kavu. Akitapika mara ya tatu, simu iko ukutani, piga hata kama kuna wageni mezani. Akisinzia, mgeuze ubavu, mtie mto mgongoni asirudi chali.

Na mlango usiufunge.